Tamthilia bora ya sayansi ya kubuni, 2000 hadi 2009: daftari langu linasema Heroes, moyo unakataa

Mzee wa Daftari (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Leo nimebishana na mpwa wangu hadi kahawa ikapoa. Kazaliwa 2003, anatazama kila kitu kwenye simu, na ananiambia eti miaka ile hapakuwa na tamthilia ya sayansi ya kubuni yenye maana, ni watu kupigana ndani ya maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha. Nikamwambia mjomba, wakati huo wewe unanyonya, mimi ndiye niliyekuwa nawalisha Kigoma hii.

Si majigambo. Kuanzia 2005 hadi 2011 nilikuwa na laibrari ya CD hapa Mwanga, kibanda cha mbao, rafu tatu, deki moja ya kujaribia na televisheni ya chogo. Shilingi 500 kwa siku mbili, ukichelewesha unaongeza 200. Mzigo ulikuja na treni kutoka Dar ndani ya boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Enzi hizo mji unaendeshwa na majenereta ya dizeli, gridi ya taifa hatujaiona, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kipande, mteja anarudi kudai siku ya ziada. Nilikuwa nampa. Biashara ni watu.

Kila aliyeazima nilimwandika kwenye kaunta buku la kwaya nne: jina, CD, tarehe. Juzi nahamisha vitu nikalikuta, panya wamelila pembe moja lakini majina yanasomeka. Nikakaa barazani nikahesabu. Prison Break naiweka kando, ile si sayansi, ile ni useremala. Kwenye za sayansi, Heroes imeshika namba moja. Lost inaifuata kwa karibu. Halafu Smallville. Na huko chini kabisa, peke yake kama mtoto aliyenuniwa, Battlestar Galactica. CD ya mwisho ya Galactica ina majina 23 tu.

Heroes ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2006, mimi niliipata mwanzoni mwa 2007. Siku niliyoipanga ukutani iliondoka yote. Ni watu wa kawaida waliojikuta na vipaji: binti anayepona kila jeraha, mwanasiasa anayeruka angani, na yule Hiro Nakamura, karani wa ofisini Tokyo, akikunja uso kama aliyebanwa na tumbo, muda unasimama. Watoto wote wa Mwanga wakawa wanakunja uso. Kulikuwa na konda wa Hiace za Ujiji, ukimdai chenji anafumba macho, anakunja uso, anakwambia: "Muda umesimama, chenji baadaye."

Msimu wa kwanza una vipande 23 na hakuna kinachopwaya. Msimu wa pili ukaja na vipande 11. Kumi na moja! Wateja wakanijia juu: umeficha CD nyingine, unataka kutulipisha mara mbili. Fundi baiskeli mmoja alinikunja ukosi mbele ya mke wangu. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, kazi nyingi zikakatishwa njiani. Mgomo Los Angeles, ukosi wangu Mwanga.

Baada ya hapo Heroes haikusimama tena. Kila aliyekufa anarudi. Yule Sylar, muuaji wa kuogopwa kwelikweli, wakamfanya mwema, wakamrudisha mbaya, wakamfanya mwema tena, mpaka ukimwona unajiuliza leo yuko shifti gani.

Sasa Galactica. Watu waliikwepa kwa sababu mbili. Kwanza inaanza na CD ndefu ya utangulizi, ile ya Desemba 2003, na mtu wa kibanda umiza hana subira ya saa tatu kabla hajajua steringi ni nani. Pili, maandishi ya chini yalikuwa ya ovyo. Yale maroboti yanaitwa Cylon, aliyeandika akaweka Nylon kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpaka leo wateja wangu wachache tukikutana sokoni tunayaita Manailoni.

Lakini nisikilizeni. Manailoni yaliundwa na binadamu, yakaasi, yakatoweka miaka arobaini, yakarudi na sura za watu. Yakapiga sayari kumi na mbili kwa siku moja. Ikapona meli moja ya vita, tena kuukuu, inayostaafishwa siku hiyohiyo ili iwe makumbusho. Wameshaweka na duka la zawadi ndani. Kwa nini ikapona? Kwa sababu kamanda wake, mzee Adama, alikataa katakata kompyuta zake ziunganishwe. Meli zote za kisasa Manailoni yaliingia kwenye mitambo yake yakazizima kama taa. Ile ya zamani, yenye simu za waya na milango ya kusukuma kwa mikono, haikuzimika.

Mimi nimekulia nikiiona meli yetu ya Liemba gatini. Imeundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na treni, ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 baada ya kuipaka injini grisi, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo mtu akinionyesha chuma kizee kinachobeba watu wakati vipya vimekufa, sihitaji kuelezwa. Wamarekani waliiona Galactica kama hadithi. Mimi niliona ratiba ya meli.

Na ilimalizika vizuri, jambo ambalo wenzake walishindwa. Misimu minne, Machi 2009 wakafunga. Wamepata sayari ya kijani, mzee Adama ameketi mlimani kando ya kaburi la rais Roslin, anamsimulia nyumba atakayojenga. Hapo CD yangu ilikwaruzika, picha ikakwama usoni pake, na sikuona haja ya kutafuta nyingine. Ule ndio mwisho.

Swali langu basi: daftari linasema Heroes, mimi nasema Galactica. Ninyi mnasemaje? Masharti mawili. Iwe imeanza kati ya 2000 na 2009. Na uwe umeitazama, si umesimuliwa kijiweni.

---

Mtoto wa Reli (Tabora)

Mzee wa Daftari, shikamoo. Salaam kutoka Isevya, huku embe zimeanza kuanguka zenyewe.

Namba moja ni Lost, ile ya watu walioanguka na ndege kisiwani, na sitarudi nyuma. Ilianza Septemba 2004, ikaisha Mei 2010, misimu sita, na hakuna tamthilia nyingine iliyowafanya watu wazima wa Tabora waandike namba ukutani kwa mkaa: 4, 8, 15, 16, 23, 42. Zijumlishe. Unapata 108. Sasa sikiliza hiyo 108 inafanya nini.

Msimu wa pili wanafungua handaki, ndani wanamkuta Desmond. Kwa miaka mitatu kazi yake ni moja: kila dakika 108 aandike zile namba kwenye kompyuta ya kizamani na abonyeze. Usiku, mchana. Asipobonyeza, aliambiwa, dunia inakwisha. Hajawahi kuona ushahidi. Hakuna anayekuja kumkagua.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kubadili njia za treni hapa Tabora, pale reli ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma. Mvua zikikata reli huko mbele, treni hakuna wiki nzima, lakini yeye kila baada ya muda uliopangwa anatoka na taa, anapima vyuma, anarudi, anatia sahihi kitabuni. Mimi nikiwa mdogo nikamuuliza, baba, si treni haipo? Akasema: "Treni haipo, zamu ipo." Nilipomwona Desmond nilinyamaza. Wenzangu kwenye kibanda wanacheka, wanamwona mjinga. Kuna jamaa mle, Locke, anachoka kuamini, anasema huu ni mchezo wa kutupima akili, anaivunja kompyuta. Na hapo ndipo tunaelewa kwamba siku moja Desmond alichelewa kubonyeza, na ndiyo siku ndege yao ilianguka. Dunia nzima ya hadithi ile imeninginia kwenye mtu mmoja aliyechelewa zamu! Galactica yenu ina maroboti mia, haina kitu kama hicho.

Halafu nimalize ubishi mmoja kabla haujaletwa hapa. Watu wanasema "walikuwa wamekufa tangu mwanzo". Si kweli. Kwenye kipande cha mwisho baba yake Jack, yule daktari anayewaongoza, anamwambia wazi kwamba yote yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli. Ile sehemu ya kanisani, wanapokutana baada ya kufa, ni baadaye, kila mmoja kafa kwa wakati wake. Kilichowachanganya watu ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni zilizowekwa wakati majina yanapita mwishoni. Kituo kiliziweka kama pumziko tu, watu wakazisoma kama jibu.

---

Chipukizi wa Gungu

Wazee wangu, heshima kwenu, ila wote mmepitwa. FIREFLY. 2002. Chombo kimoja kichovu, watu tisa, wanabeba magendo kutoka sayari hadi sayari, hawana vita ya kuokoa ulimwengu, wanatafuta hela ya mafuta. Hayo ndiyo maisha. Hamna hata kiumbe mmoja wa ajabu mwenye masikio marefu. Walitengeneza vipande 14 ikafutwa, na mashabiki walipiga kelele mpaka ikatoka filamu yake 2005. Ipi kati ya zenu ilifufuliwa na watazamaji?

---

Mzee wa Daftari

Mtoto wa Reli, marahaba. Hiyo ya "treni haipo, zamu ipo" umenibana. Ila Lost nilikuwa naikodisha mimi, na najua sura za watu walivyokuwa wakirudisha CD za msimu wa tano. Mtu anaiweka mezani taratibu, anauliza: "Mzee, kwani sasa hivi wako mwaka gani?" Kisiwa kinarukaruka kwenye miaka, mara 1977, mara 2007, na mimi mwenye laibrari nikawa najibu maswali kama mganga. Namheshimu Desmond. Simheshimu mtu anayenipa maswali mia anajibu thelathini.

Chipukizi, Firefly ninayo, imo daftarini. Nikwambie siri ya aibu. Nilipoitazama sikuelewa nani ni nani, nikaamini wachomaji wa Kariakoo wamevuruga mpangilio, nikaandika barua kali kwa aliyenitumia mzigo. Kumbe ni kituo chenyewe Marekani kiliionyesha vululuvululu: kipande cha kuwatambulisha wahusika wakakionyesha cha mwisho, Desemba, wakati imeshafutwa. CD yangu ilifuata ratiba ya kwenye televisheni. Nilimkosea mtu wa watu. Ni nzuri, sikatai. Lakini vipande 14, kijana wangu, hicho ni kionjo. Huwezi kumpa kombe mchezaji aliyeumia dakika ya kumi.

---

Mama Wawili (Kasulu)

Mimi si mtu wa mambo ya anga, niliolewa na mtu wa mambo ya anga. Nachangia mara moja kisha naenda kuivisha maharage.

Galactica ina kipande cha kwanza baada ya ule utangulizi, kinaitwa "33". Kila dakika 33 maadui wanawafikia, meli zote za walionusurika zinaruka kukimbilia kwingine, saa inaanza upya. Siku tano hakuna aliyelala. Mume wangu anatazama vita. Mimi niliona ubao.

Yule mama Roslin alikuwa waziri wa elimu, wa 43 kwenye orodha ya kurithi urais, wote waliomtangulia wamekufa. Ofisini kwake hana kitu ila ubao mweupe wenye namba moja: watu waliobaki. Mwanzoni 50,298. Namba ikipungua, msaidizi anakuja na karatasi, yeye anafuta kwa kiganja anaandika ndogo zaidi.

Mei 2015 nilikuwa miongoni mwa tulioajiriwa kwa muda kuorodhesha Warundi waliokuwa wanavuka kuingia Kagunga. Mnapajua Kagunga: kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, barabara hamna. Watu makumi ya maelfu wamelala ufukweni, kipindupindu kimeshaingia. Liemba inatia nanga mbali kwa sababu hakuna gati, watu wanapelekwa kwa mitumbwi, mia sita kwa safari, inawaleta Kigoma mjini, wanashushwa na kupelekwa uwanja wa mpira, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Kazi yangu ilikuwa vijistari. Vinne wima, cha tano kinakata. Saa nane za usiku wino unaisha, mtu anakuuliza kama umemwandika mama yake, na huna jibu kwa sababu wewe unaandika vijistari, si majina.

Asubuhi moja mama akajifungua pale kwenye mstari, kabla ya mtumbwi. Msimamizi wangu akauliza: tumhesabu? Nikaongeza kijistari kimoja.

Mwisho wa "33" Roslin anaambiwa kuna mtoto kazaliwa kwenye meli moja. Anaenda ubaoni, namba inaishia na mbili, anafuta mbili anaweka tatu. 47,973. Kipande kile nimekitazama mwaka 2016 na nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia kuku.

Nilisoma baadaye kwamba Machi 2009 waigizaji wake walialikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumza juu ya tamthilia hiyo na mambo ya haki za binadamu. Sikushangaa.

Hizo nyingine sijaziona, kwa hiyo kwa masharti ya mzee, kura yangu ni hiyo. Maharage yanaungua.

---

Fundi Boti (Kibirizi)

Mama Wawili pole sana, na hongera kwa kazi ile. Naikumbuka, boti zetu nyingi zilikuwa huko.

Lakini Galactica mimi siipi kombe, na sababu ni ya kifundi. Mwishoni wanafika kwenye ile sayari nzuri, watu chini ya elfu arobaini, halafu wanakubaliana nini? Kutupa meli zote! Mtu mmoja anaziongoza mpaka ndani ya jua, zinaungua, na wao wanatawanyika porini wakiwa na mabegi mgongoni. Eti waanze upya.

Wewe! Nani anachoma boti yake? Mimi boti ikipasuka ubavu natoa mbao nzuri natengenezea kitanda. Misumari nainyoosha. Zile meli zina hospitali, zina vyuma, zina mabomba ya maji, zina nyaya. Ukimwachia mtu wa Kibirizi chombo kimoja tu cha vile, miaka mitatu anakuonyesha mashine ya kukamua mawese, karabai za dagaa na kanisa la bati. Hawa wanachoma. Na hakuna hata mmoja aliyesema "ngoja kwanza tutoe dawa". Aliyeandika yale hajawahi kuwa maskini.

Kura yangu Lost. Wale angalau walichukua mabaki ya ndege.

---

Mwalimu Baiolojia (Tabora)

Nimekuwa nasoma uzi huu kimyakimya nikisahihisha mitihani ya kidato cha nne. Fundi Boti, nakuunga mkono asilimia mia juu ya dawa.

Ila Mzee wa Daftari, kuna jambo umeliandika kule juu, na hakuna aliyekushtua. Unasema mwisho wa Galactica ni Adama mlimani kando ya kaburi?

Mzee, hujaimaliza.

Kuna dakika chache baada ya hapo. Sikuambii. Tafuta kipande cha mwisho, nenda moja kwa moja pale CD yako ilipokwama, vaa spika za masikioni, na usikilize vizuri wanaposoma gazeti. Usiulize mtu. Ukirudi tuongee.

---

Mzee wa Daftari

Mwalimu, wewe mtu mbaya sana.

Nimesubiri bando la usiku. Saa sita mpwa wangu akanitafutia, akaniwekea spika masikioni, akajilaza pembeni kwa kejeli. Nikamwona Adama pale, uso uleule niliouacha 2009, ila safari hii ukapepesa. Akanyamaza kutazama bonde. Kisha yule mtoto Hera, ambaye mama yake ni Nailoni na baba yake mtu, anatembea kwenye nyasi ndefu na kijiti mkononi. Picha inapanda juu, juu, na maandishi yanakuja: miaka 150,000 baadaye. Mji! Magari, mataa, New York. Mtu kasimama anasoma gazeti la picha, na wale wawili, Nailoni la nguo nyekundu na yule msaliti Baltar, wanachungulia begani kwake. Wanasoma habari ya mifupa ya msichana iliyopatikana, eti ndiye mama wa binadamu wote walio hai leo. Na aliishi wapi?

"...in what is now Tanzania."

Niliruka. Nimesema niliruka, mtu wa miaka hamsini na nane, kitanda kikalia. Nikamrudishia mpwa wangu, sikiliza, sikiliza hapo. Akasikiliza mara tatu. Akavua spika, akaniambia: "Mjomba, kwa hiyo walitua huku?"

Mpaka 2011 nimekodisha ile CD. Watu 23. Kote kule angani wanakimbia, misimu minne wanaitafuta Dunia, kumbe wanakuja hapa nje. Na mimi nimekaa Mwanga nauza tamthilia ya kwetu bila kujua, kwa sababu ya mkwaruzo mmoja.

---

Mwalimu Baiolojia (Tabora)

Hahaha, nilijua utaruka. Mimi niliruka bwenini, nikagonga kichwa kitanda cha juu.

Na mtu aliyeshika gazeti lile ni Ronald D. Moore mwenyewe, aliyeitengeneza tamthilia.

Sasa niharibu raha kidogo, ni ugonjwa wa kazi. Huyo mama wanayemtaja yupo kwenye sayansi kweli. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature: kuna vinasaba ndani ya mitokondria, zile sehemu ndogo ndani ya seli, ambavyo mtoto huvipata kwa mama tu, ukivifuatilia nyuma kwa mama, bibi, mama wa bibi, watu wote waliopo wanakutana kwa mwanamke mmoja, Afrika, kiasi cha miaka laki mbili. Lakini huyo anajulikana kwa hesabu ya vinasaba. Huwezi kufukua mifupa ukasema ndiye huyu, haina kibandiko. Wala hakuwa mwanamke pekee wakati wake. Wenzake walikuwepo, ila mstari wao wa mama hadi binti ulikatika mahali. Wanafunzi wangu nawapa mfano wa majina ya ukoo yanayopotea kwa kukosa wa kuyarithi.

Kwa upande wa mifupa tunayo ya kujivunia bila Hollywood: fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai, Julai 1959, na nyayo za Laetoli. Hizo ni za zamani zaidi mbali sana, na hakuna Nailoni ndani yake. Nadhani.

Kura yangu? Galactica, kwa kichwa changu kile kilichogonga kitanda. Lakini kipande kimoja bora cha muongo ule kwangu ni cha Doctor Who, "Blink" cha 2007, masanamu yanayosogea ukipepesa. Sikulala siku mbili na bweni letu lilikuwa na sanamu la sungura mlangoni.

---

Mtoto wa Reli (Tabora)

Kwa hiyo mnaipa kombe kwa sababu imetaja nchi. Huo ni ukabila wa anga. Nabaki na Desmond.

Ila mzee, niambie ukweli, hao watu 23 unao bado?

---

Mzee wa Daftari

Ndiyo niliyokuwa nafanya tangu asubuhi. Nimelifungua daftari ukurasa ule. Wengine wamehama, watatu wametangulia mbele ya haki, mmoja yuko Uvinza kwenye chumvi. Tisa nina namba zao.

Wa kwanza kumpigia ni yule fundi baiskeli aliyenikunja ukosi kwa ajili ya Heroes. Kumbe ndiye aliyekuwa wa nne kuazima CD ile ya mwisho. Nikamweleza kila kitu: Adama, mlima, nyasi, gazeti, Tanzania. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

Kisha akasema: "Kwa hiyo mzee, ile CD kweli ilikuwa pungufu."

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa pungufu.

Anataka shilingi mia tano yake. Nimemwambia aje jioni kwa mpwa wangu, tutamwonyesha dakika zilizobaki. Amekubali, lakini anakuja na mtoto wake, na mia tano bado anaitaka.

Chipukizi wa Gungu, kama upo karibu, njoo na spika ya kuchomeka. Hii ya simu wanne hatusikii.